Kolwezi 1978: Ndege zilikuja kumchukua nani?

Ubelgiji huomba raia wake wanaosafiri ng'ambo waandikishe jina na njia yao, ili kukitokea fujo wajulikane walipo. Faida ya kuhesabiwa hivyo, Kolwezi iliiona zamani.

Tarehe 13 mwezi wa tano 1978, waasi wa FLNC, warithi wa jandarma wa Katanga, waliingia mjini wakitoka Angola kwa kupitia Zambia. Wazungu walikuwa karibu elfu mbili, wengi watu wa Gécamines na jamaa zao. Tarehe 19 askari wa Lejiyo ya Ufaransa walishuka kwa miavuli. Kesho yake Wabelgiji wakatua uwanjani. Katika siku chache Wazungu karibu wote walikuwa wamesafirishwa, wengi kwa kupitia Kamina.

Wenyeji wa Manika hawakuwa na ubalozi. Walijificha nyumbani ao walikimbilia porini kwa miguu. Wazungu waliouawa walikuwa zaidi ya mia moja. Wakongomani walikuwa mamia, na hesabu yao mpaka leo kila mtu anataja yake.

Mwaka 1993 Wakasai waliofukuzwa walilala kwenye stesheni ya Kolwezi kwa majuma, wakingoja treni. Magonjwa yaliua wengi, watoto zaidi. Ndege haikuja.