Tutazikwa wapi? Kanisa la Karema na mgeni aliyelala pale



Majuzi tulimzika mzee wa avenyu yetu. Alikuwa Mbembe wa Fizi, na alikaa hapa Bujumbura miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu. Kabla ya mazishi familia ilibishana usiku mzima. Wengine walitaka mwili uvuke mpaka wa Gatumba urudi kwao. Wengine wakasema njia si salama, pesa hakuna, na watoto wake wote wamezaliwa huku. Mwisho akazikwa huku. Mjukuu wake, ambaye ni mwenzetu kwenye kundi, akatuuliza: "Sasa sisi tutazikwa wapi?"

Tulinyamaza. Halafu tukaanza kutafuta kwenye historia, kama kawaida yetu.

Tulianzia hapa hapa. Wazee bado wanakumbuka Bwiza ikiitwa Belge. Enzi za Wabelgiji, mji ukiitwa Usumbura, Bwiza na Buyenzi zilikuwa mitaa ya Waafrika, na wengi wao walitoka mbali: Wakongo, watu wa Tanganyika, Waswahili wa biashara. Ndiyo maana hadi leo mtoto wa Bwiza anaongea Kiswahili kabla hajafika shule. Yaani mtaa huu ulijengwa na wageni. Lakini mgeni akishakufa, nani anamkumbuka? Jibu lililotugusa tulilikuta kwenye ziwa letu hili hili la Tanganyika, kusini kabisa ya hapa, upande wa Tanzania. Ni kwenye kanisa na makaburi ya Karema, mkoa wa Katavi.

Karema haikuanza kama kanisa. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga pale kituo cha ile jumuiya ya kimataifa aliyoianzisha mfalme Leopold II mwaka 1876. Kikawa ngome. Ilikuwa karibu na maji, lakini miaka hiyo ziwa lilikuwa limefungua njia ya kutokea mto Lukuga, maji yakashuka na ufuko ukasogea mbali. Sisi tulioona Gatumba ikimezwa na maji tunajua ziwa hili halitulii mahali pamoja. Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold akawaachia Mapadri Weupe ngome hiyo pamoja na ya Mpala, ng'ambo ya pili, Kongo. Nyumba ya bunduki ikawa misheni.

Waumini wa kwanza walikuwa nani? Wengi walikuwa watu waliong'olewa kwao. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita Ujiji, na mapadri walikuwa wakiwanunua watu, hasa watoto, ili kuwakomboa. Walipewa chakula, shamba na mahali pa kulala. Walipewa pia sheria za misheni: kengele ya kazi, kengele ya sala. Walikuwa salama, ila hawakuwa na sauti sana juu ya maisha yao. Ninyi wa mashirika, hapo someni polepole kidogo. Sisi tuliopanga foleni za kambini tumeshaelewa.

Katikati ya watu hao akaja Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, nchi inayoitwa leo Mali, miaka ya 1860. Akiwa mtoto mdogo alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadri Weupe walimnunua na kumsomesha Algeria, halafu wakampeleka Malta akasomea utabibu. Mwaka 1888 akatumwa huku kwetu, na Karema ikawa makao yake. Fikiria kijana wa Mali, hana ndugu hata mmoja, anashushwa kando ya ziwa lililo mbali na kwao.

Alikaa zaidi ya miaka 60. Alitibu watu na kufundisha dini. Alioa binti wa chifu wa Wabende, wenyeji wa nchi ile, na mwanawe Joseph akawa padri. Mwaka 1946 masimulizi ya maisha yake, aliyoyatoa mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki mwaka 1956, akazikwa Karema. Hakurudi kuishi kwao. Lakini hakuna anayesema pale amelala mgeni. Wanasema ni daktari wetu.

Sasa angalieni jirani ya Karema. Wilaya hiyo hiyo, inayoitwa Tanganyika, ndiyo yenye Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wengi walifyeka pori, wakazaa, wakazika wazazi wao pale. Ilipofika 2014, Tanzania ikaanza kugawa vyeti vya uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo la 1972. Na meli ya Liemba, ambayo mwezi Mei 2015 ilibeba Warundi wenzetu kutoka Kagunga hadi Kigoma, ndiyo hiyo hiyo iliyozoea kushuka kusini ikipita Karema. Ziwa ni moja, na hadithi ni moja.

Hatusemi kila mkimbizi asahau kwao. Fizi ni Fizi, na anayeweza kurudi arudi. Na Atiman hakupewa nafasi ya kuchagua, hilo tusilipambe. Tunasema hivi tu: kaburi la mgeni linakuwa la nyumbani pale watu wanapojua jina lake na kazi aliyofanya. Uraia wa makaratasi tunaudai, na tutaendelea kuudai. Huu mwingine tunaweza kuuanza leo.

Kwa hiyo tumenunua daftari moja. Ukurasa wa kwanza tumeandika jina la yule mzee, alikotoka, kazi ya useremala aliyoifanya, na vitanda vyake ambavyo nusu ya avenyu bado inalalia. Mjukuu wake ndiye aliyeshika kalamu. Na wewe, kabla mzee wako hajaondoka, kaa naye jioni moja umuulize. Kurasa bado zipo.