Muziki wa Ng'ambo

Kwetu Tabora neno hili lina maana mbili, na ni herufi ya kwanza tu inayozitofautisha. Ng'ambo ni mtaa. Na ng'ambo ni kule kwingine, Ulaya na Marekani, zinakotoka mitumba. Ukiandika, msomaji ataona tofauti. Ukisema kwa mdomo kwamba unasikiliza muziki wa ng'ambo, itabidi aulize.

Mimi nilikuwa nasikiliza muziki wa ile yenye herufi ndogo, au ndivyo nilivyodhani. Ilikuwa usiku, umeme umekatika, nimekaa uani na simu iliyobaki na chaji kidogo. Kinanda kinanguruma, gitaa limetiwa mkwaruzo mpaka linakereketa, ngoma zinakimbia. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimezama katika roki ya saikedeliki na ya majaribio ya miaka ya 1960 na 1970, muziki unaopinda sauti makusudi na kuurefusha wimbo mpaka usahau ulianzia wapi. Nilizijua bendi za Ujerumani na Uingereza ambazo hata majirani zao walishazisahau. Halafu mwimbaji akafungua mdomo, akaimba Kiswahili.

Bendi iliitwa Sunburst. Ya Dar es Salaam.

Baba mdogo alikuwa kwenye mkeka, anasikiliza bila kusema. Wimbo ulipoisha alisema ni mzuri, ila magitaa ya kuchanganyikiwa namna ile yeye alishayasikia hapahapa mjini, kwa Tabora Jazz. Adabu ilinizuia kumbishia kwa mdomo, lakini kicheko kilinitoka. Tabora Jazz kwangu ilikuwa zilipendwa za redioni Jumapili mchana, muziki wa wazee. Imenichukua muda mrefu kuelewa kwamba yule aliyekuwa hasikii vizuri usiku ule ni mimi.

Tuanze na Sunburst, kwa sababu hao ndio "waliogunduliwa". Bendi hii iliundwa Dar mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na Watanzania na Wakongo: gitaa la Hembi Flory Kongo, sauti ya James Mpungo, na wenzao. Walichanganya roki, soul na ngoma za nyumbani, na wakaimba mambo mazito. Mojawapo ya nyimbo zao inaitwa "Enzi za Utumwani". Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Kisha kimya. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikakusanya rekodi zao za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya. Ndipo vijana kama mimi tukawajua, miaka 40 baadaye, kwa kuzungukia Uingereza.

Hawakuwa peke yao. Majirani zetu wa Zambia walikuwa na bendi nyingi za namna hiyo, na leo muziki wao una jina linalojulikana duniani, Zamrock. Bendi ya WITCH ya Emmanuel Chanda, aliyejulikana kama Jagari, ilitoa santuri moja baada ya nyingine katika miaka ile ya 1970. Shaba iliposhuka bei uchumi ukayumba, UKIMWI ukaja ukawachukua wanamuziki wengi, na Chanda mwenyewe akaishia kuchimba vito. Ilibidi kampuni ya Now-Again ya Los Angeles izitoe upya santuri zile ndipo mzee yule akarudi jukwaani, safari hii mbele ya vijana wa Ulaya na Marekani.

Hadithi hizi ni nzuri, na mimi ni miongoni mwa wanaozipenda. Lakini zote zina sharti ambalo halitajwi. Ili bendi igunduliwe lazima kuwe na santuri. Mtu wa Los Angeles hawezi kununua sokoni kitu ambacho hakikuchapwa. Na lazima santuri hiyo, sindano ikigusa, isikike kama kitu ambacho mgunduzi anakijua tayari. Anatafuta roki, kwa hiyo anapata roki.

Sasa angalia hali ya Tanzania ya wakati ule. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wengi wetu tulikuwa tumejua kucheza rumba, chachacha, twist na rock'n'roll, huku ngoma zetu hatuzijui. Mwaka 1969 ulianza na Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Mwezi Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Kijana aliyetaka kupiga gitaa kwa fujo alijua kwamba kuna watu wanamwangalia.

Hata hivyo, serikali hiyohiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya muziki wa dansi. Chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Jeshi, polisi na mashirika ya umma nao wakawa na bendi zao. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mpigaji alikuwa na mshahara. Radio Tanzania iliita bendi studio, ikarekodi, ikahifadhi kanda na kupiga nyimbo hewani kwa miaka. Kitu ambacho nchi haikuwa nacho ni kiwanda cha santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, na mwaka 1977 mpaka na Kenya ukafungwa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya muziki wetu wa miaka ile ilikaa kwenye kanda za redio. Ulisikika nchi nzima lakini haukuuzwa, na ambacho hakikuuzwa hakiwezi kuokotwa kwenye duka la vitu vya kale. Hata kile kilichofika Nairobi kilipotea njia. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko uitwao Kenya Special, na ndani yake wamo Afro 70, bendi ya Patrick Balisidya, mwana wa Dodoma. Mwanamuziki wa reli ya kati amegunduliwa akiwa Mkenya.

Na hapo ndipo Tabora inapoingia.

Mji huu umezoea kupitiwa. Burton na Speke walipofika mwaka 1857, ukiitwa Kazeh, ulikuwa tayari kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga, maneno na nyimbo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baadaye tawi la Mwanza likaanzia hapa. Mzigo ukahama kutoka mabegani kwenda kwenye behewa, lakini mji ukabaki njia panda. Santuri za rumba ya Kuba zilizoenea Afrika kuanzia miaka ya 1930 zilikuja na upande huu wa reli, na gitaa la Kongo likaja na ule mwingine, kwa kuvuka Ziwa Tanganyika.

Matokeo yake ni kwamba mji mmoja wa bara, mbali na studio na mbali na kiwanda chochote, ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, ulikuwa na Nyanyembe Jazz iliyobeba jina la himaya ya Unyanyembe, na ulikuwa na Tabora Jazz. Hata Western Jazz, moja ya bendi kubwa za Dar iliyoanzishwa mwaka 1959, ilichukua jina la Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora.

Bendi hizi hazikujiita za majaribio. Zilikuwa na neno lao, na neno hilo ni mtindo. Western Jazz walipiga Saboso. NUTA walipiga Msondo. Afro 70 walipiga Afrosa. Tabora Jazz walipiga Segere Matata. Bendi isiyokuwa na mtindo ilikuwa haijawa bendi. Ilitakiwa msikilizaji aliye gizani, redio ikiwa chumba cha pili, atambue ni nani anayepiga kabla mwimbaji hajaanza. Hayo ni mashindano ya zamani kuliko gitaa la umeme. Vikundi vya beni vilivyopanda kutoka pwani kuja bara vilishindana hivyohivyo kwa sare, tarumbeta na vijembe, na kabla ya beni wacheza ngoma wa Usukuma na Unyamwezi walikuwa na pande zao na waganga wao.

Tafsiri hilo kwa lugha ya wapenzi wa roki, utaona kinachoshangaza. Huko ng'ambo bendi ya majaribio ilikuwa ni ile iliyokataa kufanana na wengine, na mara nyingi ilikufa njaa kwa ajili hiyo. Hapa kutofanana ndiyo ilikuwa kanuni ya kazi, na aliyefanana na mwenzake ndiye aliyekosa wachezaji ukumbini.

Ukitaka ushahidi, sikiliza wimbo wowote mrefu wa dansi wa wakati ule na usiondoke katikati. Nusu ya kwanza ni ya taratibu: hadithi, mashairi, sauti mbili tatu zikiitikiana. Halafu kuna mahali waimbaji wananyamaza na mwendo unabadilika. Wenyewe waliita chemko, kama sufuria inapoanza kutokota. Gitaa la solo linashika kifungu kifupi na kukirudia. Gitaa la pili linaingia katikati ya nafasi zake, si juu yake. Besi inakwenda njia ya tatu. Kila moja likisikilizwa peke yake ni jambo dogo, hata mtoto anaweza kulishika. Yakikutana, sikio linaanza kusikia sauti ya nne ambayo hakuna anayeipiga. Muziki huo hauendi popote, unazunguka tu, na katika kuzunguka huko muda unalegea. Kama hiyo si saikedeliki, basi sijui neno hilo linatafuta nini. Tofauti ni kwamba hapa halikuhitajika tembe la kumeza. Ilitosha ukumbi, jasho na watu wanaojua kucheza.

Kuna wageni walioliona hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kundi la majaribio la Uswidi liitwalo Archimedes Badkar lilirekodi albamu pamoja na Balisidya na kuipa jina la Kiswahili, Bado Kidogo. Hawakumtafuta Balisidya kwa sababu alifanana na roki. Walimtafuta kwa sababu alikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho.

Kwa nini sisi hatukukisikia? Nadhani ni kwa sababu ya neno moja. Muziki huu tumeuita zilipendwa. Neno lenyewe ni la upole, lakini tazama nyakati zake: zili-. Zilipendwa, sasa hazipendwi, zinakumbukwa tu. Ukishaambiwa wimbo ni zilipendwa, unausikiliza kama picha ya arusi ya wazazi. Unatabasamu. Huulizi yule mpigaji wa pili amewezaje. Kampuni za ng'ambo ziliuacha muziki huu kwa kuwa hazikuupata kwenye santuri, au zilipoupata haukuwa na mkwaruzo wa kutosha. Sisi tuliokuwa nao kila Jumapili tulikuwa na kosa kubwa zaidi, kwa sababu tuliuacha huku tukiwa tunausikia.

Gharama ya kosa hilo ni majina. Watu wanajua kwamba "Dada Asha" ni wa Tabora Jazz, na wengine wanajua kwamba Shem Karenga ndiye aliyeutunga. Yeye alifariki mwaka 2014. Balisidya alitutoka mwaka 2004. Lakini mpigaji wa gitaa la pili, mpiga besi, aliyetikisa maraka, hao hawako kwenye jalada lolote, kwa sababu hakukuwa na jalada. Wako kwenye vichwa vya watu waliokuwepo ukumbini, na vichwa hivyo vina miaka 70 na kuendelea. Sunburst wakitolewa upya huandikiwa kijitabu chenye picha na majina yote. Segere Matata haina kijitabu.

Kwa hiyo nilirudi kwa baba mdogo na daftari, nikaanza kwa kuomba radhi kwa kile kicheko. Alikuwa ameshakisahau. Tulikaa uani palepale, nikaweka nyimbo nilizozipata, moja baada ya nyingine, na kwenye kila chemko nikawa namuuliza: huyu ni nani? Na huyu wa chini? Mengine aliyajibu papo hapo, akaongeza na nyumba aliyokuwa anakaa mpigaji na mke aliyekosana naye. Mengine alinyamaza, akaomba turudishe nyuma, akafumba macho, tukarudisha tena, kisha akatikisa kichwa.

Daftari ninalo. Kila wimbo una mistari mitano au sita ya majina. Palipojazwa ni kwa mkono wangu, kwa maelekezo yake. Palipo wazi ameniambia nimpelekee rafiki yake mmoja aliyekuwa akienda naye dansini, ambaye bado yuko hai, na akasisitiza niende wiki hii.