Wa Nani Huyu Mchezaji?

Popole Misenga alizaliwa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 1992. Vita vilimtenganisha na familia yake angali mtoto. Aliokotwa msituni, akapelekwa Kinshasa, na huko, katika kituo cha watoto waliopoteza makao, akajifunza judo. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro na timu ya Kongo kwenye mashindano ya dunia, akabaki hukohuko pamoja na mwenzake Yolande Mabika, naye mzaliwa wa Bukavu. Misenga alisimulia kwamba aliposhindwa pambano, adhabu ilikuwa kufungiwa chumbani.

Tangu hapo hawakuwa na timu. Mkataba wa Olimpiki unamtaka mchezaji awe raia wa nchi anayoiwakilisha. Kongo walikuwa wameikimbia. Brazil hawakuwa raia wake.

Kuhusu nani aruhusiwe kucheza, mpira wa magongo wa barafuni katika vyuo vikuu vya Marekani una desturi tofauti kabisa. Huko uraia si hoja: Mkanada au Mfini huchezea chuo bila shida. Kinachochunguzwa ni masomo, muda na fedha. Kwa miaka mingi, kijana aliyepitia ligi kuu za vijana za Kanada alihesabiwa mchezaji wa kulipwa kwa sababu ya posho ndogo tu, na chuo kikamfungia mlango. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliamua Novemba 2024 kuifuta kanuni hiyo kuanzia Agosti 2025. Kwa Olimpiki, hata hivyo, vyuo havikuwa na uchoyo: mwaka 2018 Ryan Donato aliondoka Harvard, akaifungia Marekani mabao 5 Pyeongchang, kisha akarudi kuichezea Harvard.

Donato alikuwa na pa kwenda na pa kurudi. Misenga hakuwa na hata pamojawapo, ingawa kipaji hakikumpungua. Kanuni ya posho ilimhukumu kijana kwa uamuzi alioufanya akiwa na miaka 16. Ile ya uraia ilimhukumu mtu kwa vita alivyovikuta. Naiona ya pili kuwa nzito zaidi, maana hakuna alichochagua.

Mwaka 2016 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliunda timu ya wakimbizi 10 kwa Olimpiki ya Rio, ikiongozwa na Tegla Loroupe wa Kenya. Katika uzito wa kilo 90, Misenga alimshinda Avtar Singh wa India huku Wabrazili wakimshangilia kama wao. Baadaye Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia, akamtoa. Kwenye Olimpiki ya Tokyo alirudi chini ya bendera ileile.

Lakini timu hiyo humpokea mkimbizi aliyekwisha kuvuka mpaka na kutambuliwa. Misenga yule mdogo, aliyehamishwa kutoka Bukavu hadi Kinshasa, alikuwa bado ndani ya nchi yake; asingehesabiwa. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na vijana wengine wakakimbia. Aliyevuka mpaka wa mto Ruzizi akapewa hadhi ya ukimbizi anaweza siku moja kuomba nafasi. Aliyekimbilia Kinshasa hana njia nyingine ila shirikisho la nchi yake.