SANAMU TANO ZISIZO NA MAJINA: Kabla hujapiga selfi Mkunazini, soma hapa kwanza

Leo tunavuka maji, tunaenda Unguja. Najua ukisikia Zanzibar unawaza Nungwi, urojo wa Forodhani na picha kwenye milango ya kuchonga. Hivyo vyote vipo na ni vizuri. Ila leo nataka nikupeleke Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, pale lilipokuwa soko la watumwa.

Ukiingia utakuta shimo la mstatili limejengewa kwa mawe. Ndani yake zimesimama sanamu za watu watano, shingoni wana minyororo. Kazi hiyo ilifanywa na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, mwaka 1998. Siku niliyoenda, watalii walikuwa wanapanga foleni kupiga picha. Dada mmoja alimuuliza mtembeza watalii, "Hawa ni kina nani?" Yule kaka akajibu, "Ni watumwa tu." Wakapita.

Hilo neno "tu" lilinikaa kichwani mpaka narudi kwenye boti.

Maana hebu angalia. Pembeni hapo kuna kanisa kuu la Anglikana, na humo kila mwenye cheo ana jina lake. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, ujenzi ukasimamiwa na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, na kaburi lake liko nyuma ya altare. Mbele ya altare kuna duara kwenye sakafu, unaambiwa ndipo watumwa walipokuwa wanachapwa viboko. Kuna na msalaba uliotengenezwa kwa mbao ya mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambapo moyo wa David Livingstone ulizikwa. Steere tunamjua, Livingstone tunamjua. Aliyechapwa kwenye lile duara, jina lake nani? Kimya.

Twende kwenye historia kidogo. Wengi walioletwa hapo walitoka mbali, pande za Ziwa Nyasa na bara kwa ujumla, wakatembezwa kwa miguu hadi pwani, hasa Kilwa, halafu wakapakiwa majahazini kuja Unguja. Wengine walivushwa mpaka Uarabuni. Wengine walibaki Unguja na Pemba kwenye mashamba ya mikarafuu. Yaani ile karafuu tunayotia kwenye pilau, ndiyo iliyowafanya watu wanunuliwe. Na tusidanganyane, hii biashara haikuwa ya Waarabu peke yao. Wahindi walikopesha mitaji, Wazungu walinunua pembe na karafuu, na huko bara walikuwepo Waafrika wenzetu waliokamata na kuuza.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alisaini mkataba na Waingereza, kwa kubanwa hasa, na soko likafungwa. Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunadhani siku hiyo watumwa wote waliachiwa huru. Wapi! Kilichokatazwa ni kusafirisha watu baharini na kuwauza sokoni. Aliyekuwa shambani kwa bwana wake aliamka kesho yake na kuendelea kuchuma karafuu. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897, na hapo nako masuria waliachwa nje, wakasubiri hadi 1909. Hesabu mwenyewe: miaka 36 tangu soko kufungwa!

Kitu kingine, pale watakushusha kwenye vyumba vya chini vyenye dari fupi mpaka unainama, wakwambie watumwa walirundikwa humo. Ukweli ni kwamba jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, ndiyo maana wapo wanahistoria wanaopinga hiyo stori. Mimi sisemi usishuke. Shuka, ila uliza maswali. Mateso ya wale watu yalikuwa ya kweli, hayahitaji kuongezewa chumvi.

Sasa kwa nini linaniuma hivi? Mimi nimeishia kidato cha nne, historia niliisoma ili nifaulu mtihani. Ila niliporudi nyumbani nilimuuliza bibi yangu mzaa mama, ambaye kwao ni pwani, "Bibi, sisi asili yetu wapi?" Akanitajia baba yake, akanitajia babu yake. Nikamuuliza baba wa huyo babu je? Akanyamaza. Nilipomganda akasema, "Mjukuu wangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Akaingia jikoni.

Nikaelewa. Pwani kuna nyumba nyingi ambazo ukoo unaishia ghafla hivyo, kwa sababu kumwambia mtu asili yake ni mtumwa lilikuwa tusi, na mpaka leo kuna ndoa zinaweza kuleta maneno kwa jambo hilo. Aibu ikabaki kwa aliyeuzwa, wakati haikuwa yake. Aliyekamatwa njiani na kutembezwa miezi alikosa nini jamani?

Ndiyo maana sikubaliani na "watumwa tu". Walikuwa wakulima, wafinyanzi, mama za watu, watoto waliokuwa na majina waliyopewa na bibi zao. Huenda mmoja wao ndiye yule ambaye bibi yangu hawezi kumtaja.

Kwa hiyo mdau, ukienda Zanzibar, kula urojo wako, ogelea, piga picha za milango. Lakini tenga na saa mbili za Mkunazini, na usipeleke wageni peke yao, mpeleke na mwanao. Mkifika kwenye lile shimo, weka simu mfukoni kwanza. Ziangalie nyuso zote tano, moja moja.

Na wewe, kwenu ukoo mnauhesabu mpaka babu wa ngapi? Niambie hapo chini, naomba tujadili kwa heshima.