Chungu cha Kupalia

Chombo ninachokusudia kukieleza ni chungu kizito cha chuma cha kusubu, chenye kuta nene, kitako kipana na kifuniko kilichokaa barabara juu ya mdomo wake, ambacho Waingereza hukiita "Dutch oven", na ambacho katika Kiswahili hakijapata jina lililokubaliwa na watu wote, ijapokuwa kilifika katika uwanda wa Uasin Gishu kabla mji wa Eldoret haujapata hata jina lake wenyewe. Nia yangu ni kulitafuta jina hilo kwa kuitazama kazi ya chombo, wala si kwa kuifuata lugha iliyotuletea. Maana jina la kigeni, kama itakavyodhihirika, halikusema kweli juu ya chombo hiki tangu lilipotungwa.

Mwaka 1908 kundi la Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, likiongozwa na Jansen van Rensburg, lilishuka katika bandari ya Mombasa, likapanda gari la moshi mpaka Nakuru, na kwa kuwa reli haikufika Eldoret ila mwaka 1924, likaukwea ukingo wa Bonde la Ufa kwa magari ya kukokotwa na maksai, likapita katika misitu na matope, hata likatokea kwenye nyika ya majani karibu na kilima cha Sergoit. Msafiri wa namna hiyo, asiye na nyumba wala tanuri, hukitegemea chungu cha chuma kwa kila jambo la chakula: nyama ya mawindo huiva ndani yake mchana kutwa, na unga ukikandwa jioni, mkate huokwa ndani yake pia. Kile chenye miguu mitatu, kinachosimama juu ya makaa bila kuhitaji mafiga, wenyewe kwa Kiafrikana hukiita "potjie", neno ambalo maana yake haizidi kijungu, yaani chungu kidogo. Basi watu waliokitumia sana chombo hiki, na ambao asili ya lugha yao ni Kiholanzi, hawakukiita tanuri wala hawakukinasibisha na Uholanzi, walikiita chungu.

Nasaba ya Uholanzi aghalabu huelezwa kwa habari za Abraham Darby, Mwingereza aliyekuwa na kiwanda cha shaba huko Bristol, ambaye mwaka 1704 alisafiri mpaka Uholanzi kutazama mafundi wa huko wakisubu vyombo vya shaba, na aliporejea akaijaribu sanaa hiyo kwa chuma, hata mwaka 1707 akapewa hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga. Tukiikubali habari hiyo, Uholanzi katika jina hili ni kumbukumbu ya ufundi wa kalibu, jambo lisilomhusu mpishi hata chembe. Fauka ya hayo, katika Uingereza ya zamani jina lilo hilo lilitumika pia kwa kisanduku cha bati kilicho wazi upande mmoja, kilichotegwa mbele ya moto ili bati lirudishe joto juu ya nyama. Mfasiri atakayeandika "tanuri la Kiholanzi" atakuwa amehamisha machafuko ya lugha ya watu akayaleta katika lugha yetu, na msomaji wa Eldoret atadhani anaelezwa jengo la matofali la kuokea mikate.

Wako wanaosema kwamba neno sufuria latosha, likiongezwa sifa, kama vile sufuria nzito au sufuria ya chuma. Sina ugomvi na mtu atakayenena hivyo sokoni, kwa kuwa ataeleweka. Lakini katika maandishi ya upishi pana haja ya kupambanua, kwa sababu sufuria katika Kenya ya leo ni chombo cha alumini, chepesi, kisicho na mikono, chenye ukingo uliokunjwa kwa nje, na maelezo ya mapishi yaliyotungwa kwa chungu cha chuma yakifuatwa kwa sufuria kama hiyo, chakula huungua chini ilhali juu hakijaiva. Hata hivyo sufuria yatufundisha jambo. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, nalo latoka katika jina la shaba. Lakini alumini ilipokuja, watu hawakulitupa neno, waliliacha lifuate umbo na kazi, na leo hapana anayeona ajabu kusema sufuria ya alumini. Ikiwa jina la shaba limeweza kuhamia katika alumini, sioni kizuizi cha jina la udongo kuhamia katika chuma. Chungu kwa asili ni cha udongo, ni kweli. Lakini kuta nene, tumbo lililojaa, joto linaloingia polepole na kutoka polepole, ndizo sifa za chungu katika mawazo ya kila mtu aliyewahi kupikiwa, na sifa hizo zote chombo chetu kinazo. Kwa hiyo jina la jumla nalipendekeza liwe chungu cha chuma.

Tabia ya chuma hiki haina budi kuelezwa, maana ndiyo iliyobeba hoja yote. Kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyuka ndani ya kalibu, na chuma cha kusubu, ambacho huwa na kaboni kiasi cha asilimia 2 mpaka 4, ni kigumu lakini si kinamo, hata kikidondoshwa juu ya sakafu ya saruji chaweza kupasuka. Wengi hudhani hupitisha moto kwa wepesi. La, alumini hukipita mara tatu na zaidi. Ubora wake umo katika uzito. Chungu cha lita 5 pamoja na kifuniko chake huweza kufikia kilo 5 au 6, na wingi huo wa chuma ukishapata moto huuhifadhi, hata makaa yakififia, au mpishi akiongeza maji au nyama baridi, joto la ndani halishuki kwa ghafula.

Eldoret wenyewe waongeza sababu. Mji huu, uliotwaa hadhi ya jiji mwaka 2024, umeinuka kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi za joto, ilhali Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100. Mpishi aliyehama kutoka Pwani akashangaa kuona maharage yake yakikaa motoni kupita mazoea, ajue kwamba wala kuni wala maharage hayana kosa. Kifuniko kizito hakiwezi kuufuta upungufu huo, kwa kuwa hakifungwi kwa nguvu kama kile cha sufuria ya presha. Lakini huzuia mvuke usitoroke ovyo, ukagonga chuma, ukarudi ndani kama matone, na kwa hiyo chungu huweza kukaa juu ya moto mdogo kwa saa nyingi bila kukauka. Aidha kuoka ni jambo mbali na kuchemsha: mkate hauogelei majini, wala joto la chungu kikavu halina kikomo cha nyuzi 93, ndiyo maana unga wa ngano ya Uasin Gishu huokeka ndani ya chungu cha chuma vizuri sawa na mahali pengine popote.

Na hapa ndipo tunapofikia kiini cha chombo. Chungu cha chuma cha aina ya kale kina kifuniko bapa chenye ukingo ulioinuka pande zote, na ukingo huo umewekwa kwa ajili ya kuzuia makaa ya moto yasiporomoke. Moto huwa chini, na moto huwa juu. Chakula kimekaa katikati, kikipata joto kutoka kila upande. Mtu wa Mombasa, wa Lamu au wa Unguja hahitaji kufundishwa jambo hili. Wali ukikaribia kukauka, mpishi wa Pwani hupunguza moto wa chini, akateka makaa machache akayatandaza juu ya kifuniko, ili punje za juu ziive na kuchambuka sawa na za chini. Mkate wa kumimina, wa unga wa mchele, tui la nazi, hamira na iliki, huokwa kwa njia iyo hiyo. Kazi hii ina jina lake, nalo ni kupalia. Wali hupaliwa, mkate hupaliwa, na asiyejua kupalia hahesabiwi kuwa amekamilika katika upishi.

Huko bara kazi hii haikukosekana. Kilichokosekana ni neno. Katika mitaa ya Eldoret, mtu asiye na tanuri la umeme huoka keki kwa kuiweka sufuria juu ya jiko la makaa, akafunika, akaweka makaa juu ya kifuniko, na akiulizwa afanyalo husema anaweka moto juu na chini. Hayo ni maelezo sahihi, wala si jina. Basi Pwani ina neno, bara ina haja yake, na chombo kizito chenye ukingo juu ya kifuniko kimekuja kana kwamba kilitengenezwa kwa ajili ya neno hilo. Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba kile chenye kifuniko cha kushika makaa kiitwe chungu cha kupalia, na kifuniko chenyewe kirejeshewe jina la mkungu, ambalo wazee walilitumia kwa kifuniko cha chungu cha udongo.

Najua pingamizi litakaloinuliwa katika Uasin Gishu kuliko mahali pengine. Hii ni nchi ya mahindi, na mkulima akisikia kupalia, fikira yake hukimbilia jembe na magugu. Pingamizi hili nalipa uzito, maana istilahi inayomfanya msomaji asimame njiani ni mzigo. Lakini Kiswahili kimezoea maneno pacha. Aliyekaa mezani, akiambiwa kwamba kaa ni mtamu, haulizi kama ni kaa la moto. Na mwenye chungu mikononi, akiambiwa akipalie, hataenda kutafuta jembe. Jirani za neno hulitafsiri neno, na neno chungu ni jirani wa kutosha.

Vile vyungu vilivyopakwa rangi ya kioo kilichoyeyushwa, mfano wa ile tuionayo katika vikombe na sahani za bati, ambavyo kampuni ya Le Creuset ya Ufaransa ilianza kuviuza mwaka 1925, havifai kuitwa vya kupalia, kwa sababu vifuniko vyake vimebinuka kama kuba na makaa hayakai juu yake. Hivyo navibakisha katika jina la jumla la chungu cha chuma, na kazi yake ni katika jiko la gesi au ndani ya tanuri.

Sasa niseme juu ya chakula chenyewe, maana jina bila chakula ni njaa. Katika mwezi wa Julai, mvua na ukungu vinapoufunika mto Sosiani na watu kurudi makwao na makoti yaliyolowa, hapana chakula kinacholiwaza moyo kama kile kilichoiva chote katika chungu kimoja. Githeri, yaani mahindi na maharage, ambayo watu wa Pwani huyaita pure na Watanzania makande, ni chakula kilichozaliwa kwa chungu kama hiki: maharage yaliyorowekwa usiku kucha na mahindi huwekwa kwanza pamoja na maji tele, moto ukawa mdogo, chumvi ikangojea mpaka ganda la maharage lilegee, kisha vitunguu na viazi vikafuata. Nyama ya kondoo yahitaji mwendo mwingine. Vipande vyake vikaushwe maji, vitiwe katika mafuta yaliyopata moto barabara, vichache vichache, mpaka kila upande ugeuke rangi ya kahawia, kwa maana ladha ya mchuzi wote hutokana na rangi hiyo. Vitunguu vifuate na kulibandua lile tabaka lililogandamana chini. Halafu bizari nzima, pilipili manga, karoti, maji kidogo tu yasiyoifunika nyama, na kifuniko. Baada ya saa mbili, au tatu ikiwa kondoo ni mzee, viazi vya Timboroa vitiwe juu, vipikwe kwa mvuke, na ukitaka sehemu yake ya juu ipate kukauka na kuwa na ukoko, ondoa makaa chini uyapeleke juu ya mkungu kwa robo saa ya mwisho. Nyanya zitiwe mwishoni na kwa uchache, kwa sababu uchachu wake ukikaa muda mrefu hula ile ngozi nyeusi ya chungu na kukipa chakula ladha ya chuma.

Ngozi hiyo nyeusi nayo yadai jina. Chungu kipya, au kilichoshikwa na kutu, husuguliwa, hukaushwa juu ya moto, hupakwa tabaka jembamba sana la mafuta ndani na nje, kisha hutiwa katika joto kali kwa muda wa saa moja, na kazi hii ikirudiwa mara kadhaa, mafuta hugeuka kuwa utando mgumu unaozuia kutu na kukifanya chakula kisigande. Kuiita kazi hiyo kutia viungo hakufai, wala kukoleza, maana hayo ni ya chakula. Naona inafaa kusema kukinywesha chungu mafuta, na chungu kilicho tayari kiitwe kilichonyweshwa. Na mwenye nacho asikitilie maji baridi kingali cha moto, kwa kuwa chuma cha kusubu kikishtushwa hivyo huatuka, wala asikiache na maji usiku kucha, bali akioshe, akikaushe juu ya makaa yaliyobaki, akipake tone la mafuta na kukiweka mkungu wake ukiwa wazi kidogo.