Ndege Iliyochorwa Mara Kumi na Mbili

Msomaji, ukisoma habari za ndege yenye sifa, mara nyingi utaelezwa siku iliporuka kwanza, jina la rubani wake na mwendo wake. Ni nadra kuelezwa miaka iliyotangulia, wakati ndege hiyo ilipokuwa bado mistari tu juu ya karatasi. Walakini mambo mengi huamuliwa katika miaka hiyo. Msingi wa nyumba ukipinda, hata fundi hodari hawezi kuunyosha kwa kupaka ukuta chokaa. Basi natutazame pamoja ramani za ndege moja ya upelelezi ya Marekani, tuone zilivyofikiriwa, zilivyokataliwa na zilivyokubaliwa, na jinsi zilivyogusa amani ya mataifa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani na Urusi ya Kisovieti zilitazamana kwa hofu. Kila moja ilikuwa na mabomu ya atomiki, na Urusi ilikuwa nchi kubwa mno iliyofungiwa wageni. Wakuu wa Marekani hawakujua mwenzao ana ndege ngapi za vita, wala anaunda makombora gani. Asiyejua hukisia, na mwenye hofu akikisia huzidisha. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka 1954 Rais Eisenhower alitoa idhini iundwe ndege ya kupiga picha kutoka juu sana. Kazi ya kuibuni alipewa Clarence Johnson, mhandisi wa kampuni ya Lockheed huko Burbank, California, na msimamizi wa shauri lote akawa Richard Bissell wa shirika la ujasusi la CIA. Ndege hiyo, iliyoitwa U-2, iliruka kwanza mwezi wa Agosti 1955. Iliweza kupanda zaidi ya mita 21,000, yaani zaidi ya mara nne ya kimo cha Mlima Kenya.

Matumaini ya U-2 yalisimama juu ya dhana moja, kwamba ndege ikiwa juu kiasi hicho, rada za Urusi hazitaweza kuifuatia sawasawa. Dhana hiyo haikuwa kweli. U-2 iliingia katika anga ya Urusi mara ya kwanza tarehe 4 Julai 1956, na Warusi wakaiona. Siku chache baadaye serikali yao ikapeleka barua ya malalamiko. Ndege zao za vita zilipanda kuifuata zisiweze kuifikia, lakini ilikuwa dhahiri kwamba iko siku kombora litaifikia.

Bissell hakuingoja siku hiyo. Mwaka 1957 alitaka uchunguzi ufanywe kujua ni ndege ya namna gani ingeweza kupita salama. Wataalamu wakapima mambo matatu: kimo, mwendo, na ukubwa wa mwangwi wa rada. Maana rada hufanya kazi kama mtu apigaye ukelele mbele ya jabali, kisha akausikiliza mwangwi wake. Hutuma mawimbi ya redio, nayo yakigonga ndege hurudi na habari. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwendo upitao ule wa sauti ungepunguza sana hatari ya kugunduliwa.

Lakini sifa hizo tatu hazipatani kwa urahisi. Ukitaka mwendo, huna budi kutia injini kubwa na mafuta mengi, na chombo huwa kizito. Ukitaka kimo, chombo sharti kiwe chepesi. Tena umbo lifaalo kwa mwendo huenda lisiwe umbo lifaalo kwa kujificha. Kazi ya mpangaji ni kuamua atapunguza wapi ili apate wapi.

Ikaundwa kamati ya washauri chini ya Edwin Land, mvumbuzi wa kamera ya Polaroid, nayo ikawa ikiwasikiliza wahandisi wa kampuni mbili, Lockheed na Convair. Watu wa Convair walileta ramani ya ndege ndogo, jina lake Fish, ambayo ingebebwa chini ya tumbo la ndege ya mabomu na kuachiliwa ikiwa angani. Mwaka 1959 aina mpya ya ndege ya B-58 iliyotazamiwa kuibeba ikafutwa, na ramani ya Fish ikafa pamoja nayo. Convair wakaanza upya wakachora nyingine, Kingfish.

Johnson naye alikuwa amepata somo lake. Alikuwa ameanza kubuni ndege ya kutumia haidrojeni badala ya mafuta ya kawaida. Fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa, lakini hesabu zilipomwonyesha kwamba ndege hiyo isingeweza kwenda mbali vya kutosha, yeye mwenyewe aliwashauri wakuu wa jeshi la anga waiache. Yafaa tulikumbuke jambo hili. Kuona kasoro katika ramani ya jirani ni rahisi. Kuikataa yako mwenyewe, na malipo yapo, kwahitaji moyo mwingine.

Tangu mwaka 1958 Johnson alichora mfululizo wa ndege alizoziita Archangel: A-1, A-2, na kuendelea. Kila moja ilikuwa na kasoro yake. A-11 ilikuwa na mwendo mzuri, lakini ilionekana mno kwa rada. Katika A-12 kingo za kiwiliwili zikapanuliwa zikawa bapa, mikia ikainamishwa ndani, na baadhi ya sehemu za pembeni zikaundwa kwa vitu visivyo madini. Tarehe 29 Agosti 1959 A-12 ikachaguliwa, na Januari 1960 ruhusa ikatolewa ziundwe ndege 12.

Ndege hiyo ilikusudiwa kuzidi mara tatu mwendo wa sauti. Kwa mwendo huo hewa hulipasha joto ganda la ndege hata alumini ya kawaida ikalegea. Ikabidi sehemu kubwa yake iundwe kwa titani, madini ambayo mafundi wachache tu walikuwa wameyazoea.

Kazi ikiwa imeanza tu, jambo lililohofiwa likatukia. Tarehe 1 Mei 1960 rubani Francis Gary Powers aliondoka Peshawar, Pakistani, ili avuke Urusi hadi Norwe. Karibu na mji wa Sverdlovsk kombora likaiangusha U-2 yake. Wamarekani, wakidhani amekufa, walitangaza kwamba ndege ya kuchunguza hali ya hewa imepotea. Ndipo Khrushchev, mkuu wa Urusi, akaujulisha ulimwengu kwamba rubani yu hai. Mkutano wa wakuu wa mataifa makubwa, uliokutanishwa Paris mwezi huohuo, ukavunjika. Powers alihukumiwa kifungo cha miaka 10, akarudishwa kwao Februari 1962 kwa kubadilishana na jasusi wa Urusi.

Baada ya fedheha hiyo Marekani iliacha kupeleka ndege zenye marubani juu ya Urusi. Agosti 1960 chombo cha angani kilichozunguka dunia kikaleta picha za eneo kubwa la Urusi kuliko safari zote za U-2 zilizotangulia. Basi A-12 iliporuka kwanza katika jangwa la Nevada, Aprili 1962, kazi iliyobuniwa kwa ajili yake ilikuwa imekwisha kuondoka. Haikuvuka Urusi hata mara moja. Ilitumiwa tangu Mei 1967 kutoka kisiwa cha Okinawa kupiga picha Vietnam ya Kaskazini, na mwaka 1968 ikaondolewa kazini. Marubani wawili wa CIA walikufa wakiirusha. Nduguye, SR-71, aliyetokana na ramani zilezile, alitumika hadi miaka ya 1990.

Je, tuseme kazi ile ilikuwa bure? La. Maswali ya mwendo, kimo na mwangwi yaliulizwa kwa bidii na kujibiwa vizuri. Lakini liko swali ambalo halikuwa juu ya meza ya wachoraji: ukiingia katika anga ya jirani bila ruhusa na ukakamatwa, utamwambia nini? Mkutano wa Paris haukuvunjwa na ubovu wa bawa wala injini.

Nawe, msomaji, siku moja utapewa jambo la kupanga, liwe shamba, daraja au bajeti ya kijiji. Kabla ya kuchora mstari wa kwanza, iandike dhana unayoitegemea, kisha ujiulize: ikiwa si kweli, ni nani atakayeumia?