Miaka 50 ya Kuwahesabu Nyangumi wa Bahari ya Salish

Mwaka 2026 umetimiza miaka 50 tangu marehemu Ken Balcomb, mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyelowea kisiwani San Juan, katika jimbo la Washington, aanze kuwahesabu mmoja mmoja nyangumi wauaji, yaani orka, ambao makundi yao matatu, yaitwayo J, K na L, huzunguka katika Bahari ya Salish, maji yatenganishayo Marekani na Kanada.

Elimu hii ilizaliwa katika dhuluma. Mwezi Agosti 1970, huko Penn Cove, katika jimbo hilohilo, wawindaji waliokuwa wakiwanasa orka ili kuwauzia wenye mabwawa ya maonyesho waliwapasua matumbo waliokufa maji nyavuni, wakawajaza mawe na kuwatosa ili umma usipate habari. Wakati huo ilisadikiwa kwamba wanyama hao ni tele. Lakini mwaka 1971 mtafiti Michael Bigg wa Nanaimo, Kanada, baada ya kuwapelekea mabaharia, wavuvi na walinzi wa minara ya taa maelfu ya karatasi za maswali, alibainisha kuwa idadi yao ni mamia tu. Yeye na wenzake walitambua kadhalika kwamba pezi la mgongoni, pamoja na baka la kijivu lililo nyuma yake, humpambanua kila mnyama na mwenziwe. Kwa njia hiyo ya picha Balcomb, mwaka 1976, aliwakuta orka wa makundi hayo ya J, K na L takriban 70.

Hata hivyo, waendako majira ya baridi palibaki kuwa fumbo, na hapo ndipo ilipozuka hitilafu kubwa. Tangu mwaka 2012 wataalamu wa serikali ya Marekani waliwadunga baadhi yao vyombo vya kupeleka ishara kwa setilaiti, na mmoja wao, K25, alidhihirisha safari ndefu za kundi lake hadi pwani ya California. Balcomb, aliyeamini kuwa subira na kamera vyatosha, alilaumu waziwazi kumtia jeraha mnyama ambaye jamaa zake ni wachache. Februari 2016 alidungwa L95, dume wa miaka 20, kwa chombo kilichokuwa kimekwisha kuanguka baharini, kikaokotwa na kurushwa tena pasipo kutakaswa kama ilivyoagizwa. Baada ya majuma matano alikutwa maiti pwani ya kisiwa cha Vancouver, na uchunguzi ukaonyesha maradhi ya kuvu ambayo yamkini yaliingilia katika jeraha lile. Kudunga kukasitishwa.

Ni haki kukiri kwamba maarifa yaliyopatikana kwa vyombo hivyo yalisaidia, mwaka 2021, kupanua eneo la hifadhi yao hadi Point Sur, pwani ya California. Walakini orka hawa, walioorodheshwa na Marekani mwaka 2005 miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, walikuwa 98 mwaka 1995, na leo hawafiki 80. Chakula chao kikuu, samaki wa samoni aina ya Chinook, kimepungua, na mabwawa manne ya mto Snake, yawazuiayo samaki hao njia, ambayo Balcomb hadi kufa kwake, Desemba 2022, alihimiza yabomolewe, yangali yamesimama. Serikali iliyojua kuwafuata orka hadi California haina udhuru wa kuwanyima riziki. Na iwapo inaienzi kweli kazi ya nusu karne, basi iwafungulie samoni mito yao.